Rupia ya Mjerumani: ipime kabla hujailipa

Jamaa kakusimamisha karibu na gare ya mabasi ya Remera. Anafungua leso, ndani mna sarafu ya fedha iliyofifia: Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia yenye tai, nyuma imeandikwa 1910. "Ya marehemu babu," anakwambia. Msikilize kwa adabu, ila hadithi ya babu usiilipie.

Nunua mizani ndogo inayosoma gramu hadi sehemu ya mia, utembee nayo. Rupia hii ni gramu 11.66, upana milimita 30. Iliyopita mikono mingi hupungua kidogo, ikasoma 11.5 hivi. Ikisoma 9.8, mrudishie. Ya kwangu ya kwanza ilisoma 9.8, lakini niliipima nikiwa nyumbani, faranga zimeshaondoka.

Sumaku ikinasa, mazungumzo yameisha. Isiponasa, endelea, maana hata shaba hainasi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani, urudishe namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukingo. Fedha halali itasoma gramu 1.1 hivi. Feki ya shaba inafika 1.3. Dakika mbili tu.

Kisha piga picha ya karibu kwa simu, uikuze. Vitundu kama vya sindano, au mstari unaozunguka ukingo, ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu. Angalia pia juu ya kichwa cha Kaisari: rupia nyingi zilitiwa kishikizo zikawa mkufu, na alama ya lehemu hushusha bei.

Usiisugue. Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Weusi ule mnunuzi mzoefu anautaka, na ukishatoka haurudi.

Bei? Ndani mna gramu 10.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, upate kiwango cha chini. Juu ya hapo, fuata bei zilizolipwa mnadani. Bei anayoitangaza muuzaji ni ndoto yake.

Na ukongwe usikutishe. Heller moja ya shaba ya mwaka huohuo ni kongwe vilevile, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo ni rahisi. (Ndiyo iliyotuachia neno "hela".)

Kinyume chake ni rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 vita vikiwa vimepamba moto. Zilitoka elfu kumi na sita hivi tu, kila moja gramu 7.17. Hiyo ikitokea kwenye leso, mizani yako haitoshi. Mwambie muuzaji mwende wote kwa sonara, naye aijaribu dhahabu mbele yenu. Akikumbuka ghafla kwamba ana haraka, panda pikipiki uende zako.