Redio ya taifa ni ya nani: ya Serikali au ya mlipa kodi?

Ukiuliza hapa Buswelu TBC ni ya nani, wengi watakujibu bila kusita, "Ya Serikali." Ukiwauliza tena Serikali imepata wapi fedha za kuiendesha, hapo watanyamaza kidogo. Serikali haina shamba wala haina mtumbwi. Fedha zake ni za mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, za mama anayenunua sukari na sabuni, za dereva anayejaza mafuta, na za mwalimu anayekatwa kodi kabla hajaushika mshahara wake. Kwa hiyo mwenye redio ya taifa ni huyo anayelipa. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hajui kuwa analipa, na anayepokea kwa niaba yake hana haraka ya kumkumbusha.

Ndugu msomaji, jambo hili linaonekana dogo lakini sivyo. Chombo cha habari humsikiliza anayekilisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini chombo fulani hakisemi ukweli fulani, tuulize kwanza nani anakilipa, na fedha hiyo inapita mkononi mwa nani.

Ada ya leseni ni nini?

Wapo waliolitafutia jambo hili ufumbuzi wa aina yake. Uingereza ilianza mwaka 1922 kwa kumtoza kila mwenye redio shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka. Mwaka 1927 BBC ikawa shirika la umma chini ya Hati ya Kifalme, na mwaka 1946 ikaanza leseni ya televisheni kwa pauni 2. Kuanzia Aprili 2025 ada hiyo ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kwa kila nyumba inayotazama televisheni.

Mantiki yake ni nyepesi. Fedha inatoka kwenye nyumba za watu kwa jina la utangazaji. Haiombwi kila mwaka mezani kwa waziri pamoja na fedha za barabara na dawa. Ni kweli kiwango chake hupangwa na Serikali, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Lakini mtangazaji anajua kwamba anayemlisha ni mamilioni ya watu wa vyama vyote na dini zote.

Matunda yake yalionekana mwaka 1956. Uingereza, Ufaransa na Israeli waliivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu Anthony Eden hakupenda BBC ipeperushe sauti za wanaoipinga vita ile. Hata hivyo BBC ilimpa nafasi kiongozi wa upinzani, Hugh Gaitskell, naye akaipinga vita hewani, askari wa nchi yake wakiwa bado vitani. Je, chombo kinachosubiri bajeti kutoka kwa waziri kingethubutu?

Sisi Waislamu fikra hii si ngeni kwetu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyetumwa kukusanya zaka alirudi na mali, akaigawa mafungu mawili. Moja akasema ni la umma, la pili akasema amepewa yeye zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akahoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Funzo ni kwamba mali inayomfikia mtu kwa njia ya cheo humfunga, hata kama hakuna sharti lililotamkwa. Kwa sababu hiyo wakfu ulikuwa na faida kubwa katika historia yetu. Mwalimu aliyekula kutoka kwenye wakfu hakulazimika kusubiri mkono wa mtawala ndipo apate chakula chake.

Kwetu ilikuwaje?

Utangazaji nchini ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 wakoloni waliunda Shirika la Utangazaji la Tanganyika kwa mfano wa BBC. Baada ya uhuru, mwaka 1965, shirika hilo lilivunjwa, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ikiwa idara ndani ya wizara.

Tuwe waadilifu. Serikali ya wakati ule ilikuwa na hoja. Nchi ilikuwa changa, na redio ilitakiwa ijenge taifa. RTD ilivipa sauti vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha afya hadi vijijini kwa njia ya redio. Mema hayo hayafutiki. Lakini yalikuja na mazoea ambayo hayajaondoka mpaka leo, kwamba redio ya taifa ni mdomo wa wakubwa.

Televisheni ya Taifa ilikuja mwaka 2000, ikafuata Taasisi ya Utangazaji Tanzania, kisha TBC, iliyoundwa kwa amri ya mwaka 2007 na kuzinduliwa mwaka 2008. Safari hii ilisemwa kuwa ni chombo cha umma, si cha Serikali. Akaletwa Tido Mhando, aliyekuwa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mabadiliko yalionekana, ikiwemo midahalo ya wagombea majimboni katika uchaguzi wa 2010. Desemba mwaka huo huo mkataba wake ulimalizika na haukuongezwa. Kila mtu ana maelezo yake juu ya sababu. Lisilo na ubishi ni kwamba walioamua aendelee au aondoke hawakuwa watazamaji, kwa sababu mtazamaji hakuwa na kiti katika uamuzi huo.

Kisha ukaja Januari 2016. Waziri wa Habari wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza Bungeni kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Zilitajwa zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Wapinzani walipinga, ukumbi ukachafuka, polisi wakaingia kuwatoa. Tujiulize swali moja tu. Fedha ni za nani? Ni za wananchi. Bunge ni la nani? Ni la wananchi. Basi nani aliulizwa kama gharama hiyo ni kubwa mno kwake? Mkazi wa Buswelu aliyemchagua mbunge, akamlipa posho kwa kodi yake, aliambiwa kwamba kumtazama mbunge huyo akifanya kazi ni anasa.

Ziwa letu linatufundisha

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Meli ilikuwa ya Shirika la Reli, mali ya umma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kivuko kilikuwa cha TEMESA, wakala wa Serikali.

Angalia mlolongo wenyewe. Chombo cha majini ni cha Serikali. Mkaguzi ni wa Serikali. Na chombo cha habari chenye mitambo mingi kuliko vyote, ambacho kingetakiwa kuuliza kila mwezi ni abiria wangapi wanapakiwa na maboya ya kujiokolea ni mangapi, nacho kinapewa ruzuku na Serikali hiyo hiyo, na mkurugenzi wake mkuu anateuliwa na Rais. Baada ya msiba, kila chombo hutangaza majina ya marehemu na salamu za rambirambi. Kazi yenye kuokoa roho ni ya kuuliza kabla ya msiba, na hiyo inamtaka mwandishi asiyeogopa kwamba swali lake litapunguza fungu la mwakani.

Wapo watakaosema, tunazo redio na televisheni binafsi. Ni kweli, na Mwanza ni shahidi, kwani Radio Free Africa ilikulia hapa na kusikika nchi nzima. Lakini chombo binafsi nacho kinaishi kwa matangazo ya biashara, na Serikali pamoja na mashirika yake ni miongoni mwa watangazaji wakubwa wa matangazo hayo. Mmiliki naye ana biashara nyingine zenye kuhitaji vibali. Kamba imerefushwa tu.

Lakini ada si dawa ya kila kitu

Asije mtu akadhani tukianzisha ada kesho, keshokutwa tutapata chombo huru. Mwaka 2003 mwandishi wa BBC alieleza kwamba Serikali ya Tony Blair ilitia chumvi taarifa za silaha za Iraq. Silaha zile hazikupatikana mpaka leo. Lakini ripoti ya Jaji Hutton ya Januari 2004 iliilaumu BBC, na mwenyekiti wake Gavyn Davies na mkurugenzi mkuu Greg Dyke wakajiuzulu. Na Januari 2009, Gaza ikiwa imeshambuliwa, BBC ilikataa kurusha ombi la mashirika ya misaada la kuwachangia waathirika, kwa madai ya kulinda kutoegemea upande. Watu waliokuwa wakilipa ada waliandamana mbele ya ofisi zake. Kwa hiyo ada haimzuii mtu kuogopa. Faida yake ni kwamba yule aliyeandamana alikuwa na haki ya kusema, "Ninyi mnakula fedha yangu, nijibuni."

Katika Afrika pia kuna mafunzo. Afrika Kusini leseni ni randi 265 kwa mwaka, na wengi wa wanaotakiwa kulipa hawalipi. Ghana mwaka 2018 ilitenga mahakama za kuwashitaki wasiolipa, watu wakaja juu. Uganda, sheria ya 2005 iliyounda UBC iliruhusu ada ya televisheni, lakini ukusanyaji ukasimamishwa kabla haujaota mizizi. Watu hawakatai kulipa kwa ubahili tu. Wanakataa kulipia chombo wasichokiona kuwa chao.

Tufanyeje?

Sipendekezi tozo mpya. Watanzania tumechoka na tozo, na wengi tayari tunalipia king'amuzi kila mwezi. Lakini tusiambiwe kwamba haiwezekani kukusanya kidogo kidogo kwa kila nyumba. Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku tangu Agosti 2021, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia Julai 2023. Njia ya kukusanya ipo. Kinachokosekana ni mambo matatu.

La kwanza, fungu la utangazaji wa umma litajwe na sheria kwa miaka kadhaa, lisiwe hisani ya kila bajeti. La pili, bodi na mkurugenzi wasiteuliwe wala kuondolewa na mkono mmoja. Bunge lenye vyama vyote, wanataaluma, wafanyakazi na taasisi za kijamii, za dini zikiwemo, wawe na sauti. La tatu, mlipaji asomewe hesabu: kiasi gani kimeingia, kimetumikaje, na nani alipewa muda hewani wakati wa uchaguzi.

Na kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tujipime na sisi. Tunazo redio na magazeti ya Kiislamu. Je, yanaendeshwa na shilingi mia tano mia tano za wasikilizaji wengi, au na tajiri mmoja ambaye siku akikosea hakuna wa kumwambia? Chombo kinachochangiwa na wengi kinaweza kumkosoa yeyote, hata mchangiaji wake mkubwa. Kinachomtegemea mmoja kitamwimbia huyo mmoja.

Basi mbunge na diwani wakija kuomba kura, pamoja na maji na barabara tuwaulize na hili: watafanya nini ili redio tunayoilipa ituhesabu kuwa ndio wenyewe? Wakishangaa swali, tuwaeleze taratibu. Tukinyamaza, tutaendelea kulipa na kuambiwa si yetu.

Wabillahi tawfiq.