Fundi wa Majokofu Avukapo Mipaka: Somo la Joto, Kanieneo na Kazi ya Ugenini

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za ukanda wa Ziwa Viktoria, maisha ya kila siku ya wakazi wake hutegemea ubaridi kuliko wanavyodhani. Sangara na sato huvuliwa usiku na kufika mwaloni asubuhi. Pasipo barafu huharibika kabla ya jua kutua. Viwanda vya minofu, maduka ya vinywaji, hospitali zinazohifadhi chanjo na damu, vyote humhitaji fundi wa majokofu.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi hupenda kazi hiyo, na kwamba baadhi yao hutazama mbali zaidi: Muscat, Dubai, Riyadh, hata Ulaya na Marekani. Makala haya yanachunguza swali moja. Fundi aliyejifunza kazi yake Mwanza huchukua nini anapokwenda ugenini, na ni jambo gani linalombidi kujifunza upya? Jibu kwa ufupi ni hili: kanuni za maumbile hazibadiliki mpakani, bali mazingira, vipimo na sheria hubadilika. Aliyekariri namba atapotea. Aliyeelewa maana ya namba atafanya kazi popote.

1. Ubaridi hautengenezwi

Hapana mashine iwezayo kutengeneza ubaridi. Jokofu huhamisha joto tu, kutoka mahali linapochukiza hadi mahali lisipodhuru. Hata barafu hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Tuchukue tani moja ya sangara (kilogramu 1,000) yenye halijoto ya nyuzi 25 za Selsiasi, inayotakiwa kupozwa hadi nyuzi 0. Joto mahususi la samaki ni takriban kilojuli 3.6 kwa kilogramu kwa kila nyuzi moja. Joto linalopaswa kuondolewa ni:

1,000 × 3.6 × 25 = kilojuli 90,000.

Kilogramu moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza kilojuli 334. Tukigawanya, tunapata karibu kilogramu 270 za barafu. Mvuvi mwenye uzoefu hubeba zaidi ya hapo, kwa kuwa joto la nje nalo hupenya ndani ya sanduku.

Katika jokofu, kazi ya barafu hufanywa na kiowevu kinachochemka kwa urahisi. Kikiwa ndani ya mabomba ya chumba cha baridi, huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka hufyonza joto la vitu vilivyo karibu. Kompresa huuvuta mvuke huo na kuubana hadi kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, iwe kubwa na halijoto yake ipite ile ya hewa ya nje. Katika kondensa mvuke hutoa joto lake kwa hewa hiyo na kuwa kiowevu tena. Kisha hupita katika tundu jembamba, kanieneo hushuka, na mzunguko huanza upya.

Jacob Perkins, Mmarekani aliyehamia London, alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1834. James Harrison, Mskoti aliyehamia Australia, alitengeneza mashine za barafu katika miaka ya 1850. Yafaa kukumbuka kwamba tangu mwanzo ufundi huu ulikuzwa na watu waliovuka bahari wakiwa na elimu vichwani mwao.

2. Geji moja, maana mbili

Kabla ya kujaza gesi, fundi huvuta hewa na unyevu wote kutoka katika mabomba kwa pampu. Unyevu ukibaki, huganda katika tundu jembamba na kuliziba. Tena huungana na mafuta na gesi kufanya asidi inayokula nyaya za mota. Kompresa nyingi hufa kwa sababu hiyo, na anayelaumiwa ni kiwanda kilichoitengeneza.

Geji ya kawaida haipimi kanieneo halisi iliyomo katika bomba. Hupima tofauti kati ya kanieneo ya ndani na ile ya angahewa. Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya angahewa hapo ni takriban kilopaskali 88. Muscat iko pwani, na huko kanieneo ya angahewa ni takriban kilopaskali 101.

Sasa tuseme fundi wa Buhongwa amezoea kusimamisha pampu geji inaposoma 85 chini ya sifuri. Mwanza, hesabu yake ni hii:

88 − 85 = kilopaskali 3.

Katika kanieneo hiyo maji huchemka kwenye halijoto ya nyuzi 25 hivi. Kukiwa na joto la mchana, unyevu hugeuka mvuke na kutoka. Akienda Muscat na kufanya vivyo hivyo:

101 − 85 = kilopaskali 16.

Katika kanieneo hiyo maji hayachemki mpaka yafikie nyuzi 55. Hata katika kiangazi cha Omani, maji yaliyomo katika bomba yatabaki maji. Fundi hakuzembea, na geji yake si mbovu. Namba ni ileile, lakini maana yake imebadilika kwa sababu ameshuka kutoka nyanda za juu hadi pwani. Dar es Salaam au Mombasa ingemtokea hali hiyohiyo. Dawa ni kutumia kipimo cha ombwe kinachoonyesha kanieneo halisi, na kuacha kuitegemea geji ya kawaida kwa kazi hii.

3. Hewa ya nje inapokuwa moto

Kondensa hutoa joto lake kwa hewa ya nje, kwa hiyo sharti iwe na joto kuliko hewa hiyo. Tuchukue kwamba tofauti hiyo ni nyuzi 12. Mwanza, hewa ikiwa na nyuzi 28, kondensa itakuwa na nyuzi 40. Muscat, hewa ikifika nyuzi 45, jambo lisilo geni huko wakati wa kiangazi, kondensa itakuwa na nyuzi 57.

Kanuni iliyotokana na kazi ya Mfaransa Sadi Carnot ya mwaka 1824 hutuwezesha kujua gharama ya tofauti hiyo. Katika mashine kamilifu, uwiano wa joto linaloondolewa na kazi inayotumika ni halijoto ya upande wa baridi ikigawanywa kwa tofauti ya halijoto za pande mbili, zote zikiwa katika Kelvini. Upande wa baridi ukiwa na nyuzi 5 za Selsiasi, yaani Kelvini 278, tunapata:

Mwanza: 278 ÷ (313 − 278) = 7.9
Muscat: 278 ÷ (330 − 278) = 5.3

Maana yake ni kwamba kuondoa joto lilelile Muscat kunahitaji kazi mara moja na nusu ya ile ya Mwanza. Mashine halisi hazifikii ukamilifu huo, lakini mwelekeo ni uleule. Kanieneo nayo hupanda. Gesi ya R22 ikigeuka kiowevu kwenye nyuzi 40 ina kanieneo halisi ya takriban kilopaskali 1,500. Kwenye nyuzi 57 hupita 2,200. Fundi aliyekariri namba za nyumbani akiona geji imepanda hivyo, atadhani gesi imezidi, naye ataipunguza. Hapo ameiharibu mashine iliyokuwa nzima. Fundi aliyeelewa atapima kwanza joto la hewa, atasafisha vumbi la jangwani kwenye kondensa, atalinganisha na jedwali la gesi husika, ndipo aamue.

4. Umeme nao una tabia zake

Tanzania na Omani hutumia umeme wa mkondo geu wenye hezi 50. Saudi Arabia na Marekani hutumia hezi 60. Mota ya ncha mbili huandama mzunguko wa umeme: kwa hezi 50 kasi yake ya msingi ni mizunguko 3,000 kwa dakika, na kwa hezi 60 ni 3,600. Kompresa ya hezi 50 ikiunganishwa na hezi 60 itataka kuzunguka haraka zaidi kwa asilimia 20, na volti zisiporekebishwa ipasavyo itafanya kazi nje ya kipimo chake. Kibandiko kidogo cha chuma ubavuni mwa kompresa kina maelezo hayo yote. Fundi mwema hukisoma kabla ya kugusa waya.

5. Gesi na sheria za mataifa

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi zenye klorini zilizotumika katika majokofu zinaweza kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini Septemba 16, 1987. Kwa mujibu wa ratiba yake, nchi zilizoendelea zilitakiwa kuacha R22 kufikia mwaka 2020, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mitambo ya zamani. Katika Umoja wa Ulaya, kuongeza R22 katika mtambo kumekatazwa tangu mwaka 2015.

Gesi zilizochukua nafasi yake hazidhuru ozoni, lakini nyingi huongeza joto la dunia. Hiyo ndiyo sababu ya Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 15, 2016. Chini yake, nchi nyingi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika, zilipangiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizo mwaka 2024. Nchi za Ghuba pamoja na India, Iran, Iraq na Pakistan zilipangiwa mwaka 2028.

Sasa viwanda vinaelekea kwenye gesi kama propani, inayoitwa R290. Kwa uzito uleule, R22 huongeza joto la dunia mara 1,810 kuliko hewa ya ukaa. Propani mara 3 hivi. Lakini propani huwaka. Ikifikia asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika sakafuni pasipo fundi kujua. Aliyezoea kuchomea bomba la R22 bila kuondoa gesi yote, akirudia mazoea hayo kwenye R290, huenda asipate nafasi ya kujifunza mara ya pili.

6. Cheti na mkataba

Ujuzi usio na ushahidi hulipwa kama kazi ya kubeba mizigo. Marekani, tangu Novemba 1994, sheria humtaka kila anayefungua mitambo yenye gesi hizo awe na cheti. Umoja wa Ulaya nao hudai cheti, na kanuni yake mpya ilitolewa mwaka 2024. Kwa kijana wa Tanzania, hatua ya kwanza ni cheti cha taifa cha ufundi stadi. Fundi aliyejifunzia gereji kwa miaka kumi akaruka hatua hiyo ataambiwa ugenini kwamba hana miaka hata mmoja.

Muscat fundi anaweza kusalimiwa kwa Kiswahili, kwa kuwa familia nyingi zilizowahi kuishi Zanzibar na bara zimehamia huko. Salamu hizo zisimsahaulishe kwamba lugha rasmi ya mkataba ni Kiarabu. Apate tafsiri kabla ya kutia saini, na ahakikishe imetaja kazi yenyewe (fundi, si msaidizi), mshahara, saa za kazi, makazi, matibabu na nauli ya kurudi. Nakala moja ibaki kwa wazazi wake. Wakala anayempeleka lazima awe na kibali, na uhalali wake uulizwe kwa mamlaka ya serikali inayohusika na ajira kabla ya shilingi moja kulipwa.

Wako wanaosema kwamba kila fundi anayeondoka ni hasara kwa taifa. Hoja hiyo ina uzito, kwani jokofu la chanjo likisimama Buhongwa halitangoji likizo ya aliyeko Riyadh. Lakini fundi aliyejifunza kushughulikia propani na amonia kwa usalama, akarudi na kuwafundisha wengine, huleta kitu ambacho pesa za kutumwa haziwezi kununua. Kazi ya shule ni kuhakikisha kwamba anayebaki na anayeondoka wote wana elimu ileile ya msingi.

Mazoezi

1. Tafuta kiasi cha barafu kinachohitajika kupoza tani 2 za sangara kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 0.
2. Geji inasoma kilopaskali 80 chini ya sifuri. Kanieneo halisi ni ngapi Mwanza? Ni ngapi Dar es Salaam?
3. Hewa ya nje ina nyuzi 35 na kondensa imezidi kwa nyuzi 12. Upande wa baridi una nyuzi 5. Tafuta uwiano wa mashine kamilifu.
4. Molekuli ya propani ni C₃H₈. Ukichukua uzito wa wastani wa molekuli za hewa kuwa 29, eleza kwa nini chumba cha kutengenezea R290 kiwe na matundu ya hewa karibu na sakafu.

Majibu: (1) Karibu kilogramu 540. (2) Kilopaskali 8, kilopaskali 21. (3) 278 ÷ 42 = 6.6. (4) Uzito wa propani ni 44, yaani mara moja na nusu ya hewa. Hivyo hutuama chini.