NAFSI HAI AU KIUMBE HAI? Dhana ya Mtu katika Tafsiri za Kiswahili za Mwanzo 2:7

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi istilahi ya Kiebrania nefesh hayya ilivyofasiriwa kwa Kiswahili katika masimulizi ya uumbaji. Inajadiliwa kwamba neno nafsi, ingawa lina asili moja na nefesh, lina matumizi yanayoweza kumfanya msomaji aone mgawanyiko wa mwili na roho ambao haumo katika aya hiyo.

1.0 Utangulizi

Je, mtu ana nafsi, au mtu ni nafsi? Kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili, jibu la swali hili hutegemea sana neno aliloliteua mfasiri. Katika Mwanzo 2:7 mtu (adam) anafanywa kwa mavumbi ya ardhi (adama), anapuliziwa pumzi (neshama), na matokeo yake ni nefesh hayya. Ikumbukwe kwamba nefesh haitiwi ndani ya mtu. Mtu mzima ndiye anayekuwa nefesh. Mavumbi na pumzi ni viambajengo, na nefesh ni jumla yake.

2.0 Maana za Nefesh

Nefesh ni neno lenye maana nyingi. Maana yake ya kimwili ni koo. Ndiyo maana katika Zaburi ya 69 maji ya gharika yanasemwa kuifikia nefesh ya mwenye kuomba. Kutokana na maana hiyo huzuka maana za pumzi, hamu, uhai na mtu mwenyewe. Mambo ya Walawi 17:11 huweka nefesh ya mwili katika damu, na Hesabu 6:6 hulitumia neno hilohilo kwa maiti. Ni dhahiri kwamba neno linaloweza kumtaja maiti haliwezi kuwa na maana ya msingi ya kitu kisichokufa kinachouacha mwili.

Zaidi ya hayo, nefesh hayya si sifa ya binadamu peke yake. Mwanzo 1:24 hulitumia fungu hilo kwa wanyama wa nchi kavu. Tafsiri ya kale ya Kiyunani na ile ya Kilatini zilihifadhi ulinganifu huu kwa kutumia fungu moja katika aya zote mbili.

3.0 Nafsi na Roho katika Kiswahili

Kiswahili kilipokea nafsi, roho na hai kutoka Kiarabu, lugha iliyo na unasaba na Kiebrania. Kwa hiyo nafsi hai inalingana na nefesh hayya neno kwa neno hata kwa asili. Hata hivyo, unasaba wa maneno si ushahidi wa usawa wa maana.

Nafsi ina sura mbili. Kwa upande mmoja humtaja mtu mzima: husemwa "mimi nafsi yangu", na wanasarufi huzungumzia nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Matumizi haya yako karibu sana na Kiebrania. Kwa upande wa pili, katika mazungumzo ya kidini nafsi huwekwa sambamba na roho na kutenganishwa na mwili. Msomaji aliyezoea matumizi haya ya pili huelewa kwamba mtu alipewa nafsi.

Jambo la kuvutia ni kwamba roho nayo imehifadhi maana ya kimwili. Kumkaba mtu roho ni kumbana koo, na kukata roho ni kufa. Hapa roho ya Kiswahili inaikaribia nefesh kuliko inavyoikaribia ruah, ambayo kimsingi ni upepo au pumzi.

4.0 Tatizo la Uteuzi

Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 hutumia kiumbe hai kwa wanyama katika Mwanzo 1:24, lakini nafsi hai kwa mtu katika 2:7. Tofauti ya namna hii imo pia katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Tafsiri ya Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990, hutumia kiumbe hai kwa mtu pia.

Inaweza kutetewa kwamba mfasiri ana haki ya kufuata muktadha, na kwamba Mhubiri 12:7 hutenganisha mavumbi na ruah wakati wa kifo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu ruah, si nefesh. Tena, kuhofia kwamba kiumbe hai humshusha mtu hadi daraja la mnyama hakuna msingi: katika masimulizi haya heshima ya mtu inatokana na kuumbwa kwa mfano wa Mungu (1:27).

5.0 Hitimisho

Kila uteuzi una hasara yake. Kiumbe hai hurejesha udugu wa mtu na wanyama, lakini hupoteza uhusiano wa nefesh na nafsi ya mtu binafsi. Nafsi hai huhifadhi uhusiano huo, lakini hualika fasiri ya uwili. Tafsiri itakayobakiza nafsi hai haina budi kuongeza maelezo ya chini ya ukurasa. La sivyo, msomaji atajengewa fundisho zima juu ya tofauti iliyozuka katika tafsiri.