Kuunganisha au Kupandikiza?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hayo yalinifika mimi hapa Eldoret, tulipokuwa wawili tukiandika programu ya kuazimia vitabu maktabani.

Daftari letu lilikuwa Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Humo unafanya kazi katika tawi lako, kisha unaileta kwenye shina kwa njia mbili.

Kwanza, kuunganisha. Matawi hukutana kama kijito kinapoingia mto Sosiani: historia zote mbili hubaki, na mahali zilipokutana panaonekana. Ni salama, ila matawi yakizidi, historia hutatizika kama uzi.

Pili, kupandikiza. Git huyaandika upya mabadiliko yako, moja baada ya jingine, juu ya kazi mpya ya shina. Historia hunyooka, inasomeka vizuri. Lakini hizo sasa ni nakala zenye alama mpya, si mabadiliko yale ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoteleza, jamani! Nilipandikiza tawi letu la pamoja bila kuchukua kazi mpya ya mwenzangu, nikalituma kwa nguvu. Kazi yake ya siku mbili ikatoweka pale. Bahati nzuri, nakala ilibaki katika kompyuta yake. Nikamwomba radhi, tukaunganisha.

Basi shika hili: kazi iliyo kwako pekee, pandikiza ukitaka, iliyokwisha kufika kwa wenzio, unganisha. Daftari la wengi halifutwi na mmoja.