Kichefuchefu Baada ya Nusukaputi

Mgonjwa anayepasuliwa tumbo huweza kupewa dawa ya kumlaza usingizi mzito. Wengi huiita nusukaputi. Katika usingizi huo hasikii maumivu.

Akizinduka, huenda akaona kichefuchefu na kutapika. Kutapika huku si kurogwa. Husababishwa na dawa, na mara nyingi huisha katika siku moja. Bila dawa ya kuzuia, watu wapatao 30 katika kila 100 hutapika. Wanawake hutapika zaidi kuliko wanaume. Wanaotapika garini pia hutapika zaidi. Basi, kama wewe hutapika safarini kutoka Mwazye hadi Sumbawanga, mwambie daktari kabla ya kupasuliwa. Ataweza kukupa dawa ya kuzuia.

Kwa nini tusile kabla ya kupasuliwa?

Mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kukohoa vizuri. Chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia katika mapafu. Anaweza kufa. Kwa kawaida mgonjwa huacha kula saa 6 kabla ya kupasuliwa. Akila nyama au vyakula vya mafuta, huacha saa 8 kabla. Maji matupu huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Fuata maagizo ya hospitali yako.

Ndugu wengine huleta uji au ugali wa ulezi kwa siri, ili mgonjwa apate nguvu. Mgonjwa naye huficha. Anaogopa kurudishwa, na nauli imekwisha. Usifiche. Kama umekula, sema. Kungoja siku moja ni afadhali kuliko kufa. Hata kama upasuaji ni wa haraka, daktari akijua atajiandaa kuyalinda mapafu yako.

Kazi ya ndugu anayeuguza

1. Mgonjwa akitaka kutapika, mgeuze alale ubavu. Mwite muuguzi.
2. Usimpe kitu mpaka muuguzi aruhusu. Kisha mpe maji kidogo kidogo.
3. Mwite muuguzi upesi akitapika damu au maji ya kijani, tumbo likivimba, au akiendelea kutapika zaidi ya siku moja.

Maswali

1. Chakula kikiingia katika mapafu, kuna hatari gani?
2. Mambo gani umwambie daktari kabla ya kupasuliwa?
3. Zungumzeni darasani: Kwa nini wagonjwa huficha kwamba wamekula? Tuwasaidieje?