SOMO: MZEE ASIANGUKE KITANDANI



Je, unaishi na mzee, mgonjwa au mtu anayeona kizunguzungu akiamka? Somo hili ni lako. Kwa mzee, kuanguka mara moja tu kunaweza kuvunja nyonga, na huenda asitembee tena kama zamani.

USIMZUNGUSHIE UZIO
Wengine huzungushia kitanda miti ili mzee asitoke. Wana nia njema, lakini ni hatari. Mzee akibanwa na haja usiku atapanda juu ya miti hiyo, na ataanguka kutoka juu zaidi. Tena kichwa au shingo inaweza kunasa kati ya mti na godoro. Usimfunge kwa kamba kamwe.

FANYA HIVI
1. Punguza miguu ya kitanda. Akikaa pembeni, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kama hubiringika usingizini, weka godoro lake chini, na mtu amsaidie kuinuka.
2. Chimbia nguzo moja imara mahali mkono wake unapofika akiwa amekaa. Itikise wewe kwanza.
3. Fimbo, tochi na kopo la haja ndogo viwe karibu naye. Usiache kibatari kikiwaka karibu na blanketi au turubai.
4. Kabla ya kulala, ondoa madumu, sufuria na kamba njiani.
5. Akiamka, akae kwanza na kuchezesha miguu. Asisimame mpaka kizunguzungu kiishe.

Dawa za presha na za usingizi zinaweza kuleta kizunguzungu. Usimwachishe dawa, mweleze mganga.

AKIANGUKA
Usimwinue kwa haraka. Muulize anaumia wapi. Mwache alale, mfunike, na uite mhudumu wa afya upesi ukiona dalili hizi:
- hawezi kukanyaga;
- mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje;
- amegonga kichwa, kisha anatapika, anasinzia au hasemi sawasawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Mzee wetu akiamka usiku, anashika nini?
2. Kuna nini njiani kati ya kitanda chake na mlango?
3. Ni nani anayelala karibu, amsikie akiita?

Jibuni leo, kabla giza halijaingia. Kisha msomee jirani asiyejua kusoma.