Demareri inakwaruza? Tuangalie meno kwanza



Wakati wa kulima umefika, trakta ya zamani inalia krrr na mota haiwaki. Wengi wetu tunakimbilia kununua demareri mpya. Tusiharakishe. Kama kurone, ile duara ya meno kwenye volani, imeharibika, itakula demareri mpya vilevile.

1. Tutoe vitesi, tufunge breki, tutoe waya wa masi kwenye batri.

2. Tushike buloni za demareri. Zikilegea, demareri inakaa upande.

3. Tuitoe. Pale inapokaa tusugue udongo, kutu na rangi mpaka chuma kionekane.

4. Tuzungushe mota kwa mkono duara nzima, tukitazama kila jino. Mota ya silinda 4 kwa kawaida inasimama sehemu 2 zilezile zinazoelekeana. Hapo ndipo meno yanalika zaidi.

Meno yakiwa mazima, turudishe demareri na kukaza buloni zote sawasawa, kisha tujaribu. Yakiwa yamekatika, tuite fundi abadilishe kurone. Kazi ni kubwa, kwani mara nyingi trakta inatenganishwa kati ya mota na bwati ya vitesi. Basi feza ya demareri tuitunze kwa kazi hiyo.